Ekzosi mpya, magonjwa mapya: kutafuta kosa kwenye MGB baada ya kubadilisha mfumo wa moshi

Gari lenyewe ni MGB ya mwaka 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi, na mwenyewe ni ami yangu anayekaa upande wa Casuarina hapa Malindi. Ekzosi yake ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiigonga kwa kidole inamwaga unga mwekundu. Hewa ya bahari haina huruma na chuma, na gari lililolala karibu na ufuo huoza hata lisipotembea. Basi akaagiza mfumo mpya kutoka Uingereza: manifoldi (kipande kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini) ya mabomba badala ya ile ya chuma cha kusubu, bomba pana kidogo, na sailensa moja ya nyuma badala ya mbili. Fundi akaifunga kwa siku moja. Siku ya pili ami akanipigia simu.

"Mwanangu, gari limeingia jini. Lilikuwa linanguruma vizuri, sasa linapiga risasi kila nikiachilia mafuta. Njoo unitazamie hizi kabureta."

Nilipofika, kabureta, zile zinazochanganya hewa na petroli, zilikuwa zimeshafunguliwa na kufungwa mara tatu, na kila mara hali ilizidi kuharibika. Kabureta hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye wosha.

Nimeona jambo hili kwenye magari mengi ya zamani ya Kiingereza, siyo hilo moja. Mtu anabadilisha ekzosi, gari linaanza kulalamika, na mkono wa kwanza unakwenda kwenye kabureta kwa sababu ndizo zinazoonekana na ndizo zenye skrubu za kuzungusha. Mimi nashikilia kinyume chake: mpaka uwe na hakika kwamba hakuna kiungo kinachovuja, kabureta usiziguse. Magonjwa mengi yanayokuja na ekzosi mpya hayatoki kwenye bomba wala sailensa, yanatoka pale kipande kimoja kinapokutana na kingine.

Kwanza ijue injini. MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na injini yake ni ile ya kampuni ya BMC iitwayo B-series, silinda nne, sentimita za ujazo 1,798. Kichwa chake, ile sehemu ya juu yenye vali, kina mpango wa peke yake. Silinda ya 1 ina mlango wake wa moshi, ya 4 ina wake, lakini ya 2 na ya 3 zinatumia mlango mmoja wa katikati. Milango ya moshi ni mitatu, si minne. Milango ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli ni miwili, kila mmoja unalisha silinda mbili. Na yote mitano iko ubavu mmoja wa injini, wa kushoto, chini ya gasketi moja. Ukigusa ekzosi umegusa na kabureta, maana baadhi ya nati zinazoshika hiki ndizo zinazoshika kile.

Linapiga risasi ukiachilia mafuta

Uko gia ya tatu, unateremka kuelekea daraja la Sabaki, umeondoa mguu, na nyuma kunasikika pa! pa-pa! Watoto wanaruka, wenye pikipiki wanageuka.

Chanzo chake karibu kila mara ni hewa ya nje inayoingia ndani ya mfumo wa moshi. Watu huuliza: moshi unatoka kwa nguvu, hewa itaingiaje? Moshi hautoki mfululizo kama maji ya mfereji. Unatoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka chini ya lile la nje. Penye mwanya, hewa hufyonzwa. Ukiachilia mafuta injini inapitisha petroli ambayo haikuungua sawasawa. Petroli hiyo ikikutana na hewa mpya na chuma cha moto, inaungulia humo humo bombani, ndiyo ule mshindo. Sasa fikiria fundi aliyeongeza petroli kwenye kabureta akidhani anatibu. Amezidisha kuni.

Kutafuta mwanya, anza injini ikiwa baridi kabisa. Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya sabuni. Chukua mashine ya kufyonza vumbi yenye upande wa kupuliza, au kompresa ya fundi rangi iliyopunguzwa mpaka upepo ni wa kawaida tu, ingiza mpira wake kwenye mdomo wa ekzosi na uzibe pembeni kwa kitambaa. Injini imezimwa. Halafu pita kwa brashi na maji ya sabuni kila kiungo, kutoka kwenye kichwa cha injini mpaka nyuma. Povu litakuonyesha. Kama huna mashine, washa injini ikiwa baridi, mwenzio avae glavu nene abane mdomo wa bomba kwa kitambaa kilichokunjwa kwa sekunde chache, nawe usikilize. Mwanya hupiga mluzi. Mpira wa maji wa nusu mita ukiuweka sikioni na ncha ya pili ukaitembeza kwenye viungo, utasikia vizuri zaidi, ila kaa mbali na feni. Kwenye gari hili inazungushwa na mkanda na inazunguka kila injini inapowaka.

Kwa ami, povu lilitoka kwenye manifoldi, pale inapokutana na kichwa, mlango wa katikati. Nikaomba tochi. Manifoldi ya kabureta na ya ekzosi zinakaa ubavu kwa ubavu, na kwenye sitadi (bolti zisizo na kichwa) zilizo baina yao kuna wosha nene, pana, inayokanyaga flenji (kingo bapa za kufungia) zote mbili kwa pamoja, nusu huku, nusu kule. Nikaweka rula juu ya flenji mbili na kupitisha fila geji, yale mabati membamba ya kupimia mwanya, chini yake. Flenji ya manifoldi mpya ilikuwa nyembamba kuliko ya kabureta kwa milimita moja na nusu. Wosha ilikuwa imelala mshazari kama mtumbwi uliopwelewa. Nati imekazwa mpaka mwisho, lakini nguvu yote imekwenda kwenye flenji nene, na ile nyembamba haikubanwa. Ukiitazama kwa juu imekaza, ukiitikisa kwa mkono haitikisiki, na bado inavuja.

"Kwa hiyo nati haikulegea?" ami akauliza.

"Haikulegea, Ami. Inambana jirani."

Tiba ni moja kati ya mbili. Flenji nene ipunguzwe kwenye mashine mpaka zilingane, au wosha zichongwe zenye ngazi, upande mmoja ukizidi kwa ule unene uliopungua. Sisi tulichagua wosha, kwa sababu manifoldi ya kabureta ni ya asili na sikutaka kuikata. Fundi wa leti, mashine ya kuchonga chuma, alizichonga kutoka kwenye kipande cha chuma cha duara kwa muda mfupi kuliko tuliopoteza kubishana.

Kabla ya kurudisha, pima unyoofu wa flenji yenyewe. Manifoldi ya mabomba imechomelewa, na joto la kuchomelea huipinda. Ilaze juu ya kioo kinene kilichotulia, ipenyeze fila geji kila upande. Ikipita kwa shida hapa na pale, msasa uliogundishwa kwenye kioo hicho hicho utamaliza kazi kwa subira. Ikicheza kama meza ya mguu mfupi, ipeleke kwenye mashine. Weka gasketi mpya, kavu. Silikoni ya mirija usiipake hapo. Joto la mlango wa moshi litaichoma na kukuachia mwanya pale pale ulipodhani umeziba. Kaza kuanzia katikati ukienda nje, kwa nguvu ya pauni-futi 15, yaani kama Nm 20. Kisha endesha mpaka Gede na kurudi, acha gari lipoe usiku kucha, na ukaze tena. Gasketi mpya hulala ikipata joto mara ya kwanza, na asiyekaza mara ya pili hujikuta amerudi alikoanzia baada ya wiki mbili.

Chi-chi-chi asubuhi, halafu kimya

Huu ni mwanya mdogo. Chuma kikiwa baridi unapumua, kikipata moto kinatanuka na kujiziba. Wengi husema ni vali. Vali zikilegea hugonga juu, chini ya kifuniko, na mlio wake ni mkavu: tok-tok-tok, tena hauishi baada ya dakika tano. Mwanya una pumzi ndani yake. Weka kiganja karibu na kiungo injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka, usikiguse, na utahisi inapuliza.

Baada ya kichwa, mahali pa pili pa kutazama ni pale manifoldi inapokutana na bomba linaloshuka. Kwenye mfumo wa asili wa MGB mabomba yanayoshuka ni mawili, kila moja na flenji ya sitadi tatu na nati za shaba. Shaba si pambo. Haigandi na sitadi kwa kutu, kwa hiyo siku ya kufungua inafunguka. Nimeona fundi akizitupa nati za shaba na kuweka za chuma kutoka kwenye mkebe wake. Hapa kwetu, kusi mbili zikipita, nati hiyo na sitadi ni kitu kimoja, na utaikata kwa msumeno.

Na spana. Nati hizi ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi na watu wengi Malindi wanaitumia, lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Ile tofauti ndogo inatosha kula pembe za nati ya shaba, kwa kuwa shaba ni laini. Tafuta spana ya nusu inchi yenyewe. Mafundi wazee waliofanya kazi na Land Rover za zamani huwa nazo kwenye masanduku yao.

Masizi meusi yakichora mchirizi kutoka kwenye kiungo, usitafute ushahidi mwingine. Lakini bomba la stenlesi kugeuka rangi ya dhahabu na kisha bluu karibu na injini ni joto tu, si ugonjwa.

Harufu ya moshi ndani ya gari

Hapa sitaki mzaha wala kuchelewa. Kaboni monoksaidi haina harufu. Ile harufu unayoisikia ni ya petroli na masizi yanayofuatana nayo, na harufu ikipungua haina maana kwamba sumu imepungua. Ukiendesha na kichwa kikaanza kuuma, au abiria akalalamika kichefuchefu na usingizi wa ghafla, simama, fungua hema, shukeni nje, na gari lisiendeshwe tena likiwa limefunikwa mpaka kosa lipatikane.

Gari la wazi lina tabia ambayo wenye magari ya kawaida hawaijui. Likienda mbio, hewa nyuma yake huvutwa mbele, kuelekea kwenye viti. Ukifunga hema na kuacha dirisha la nyuma wazi, umetengeneza mfereji wa kuingizia moshi. Tulilijaribu na ami wakati wa masika, hema limefungwa kwa ajili ya mvua, na harufu ilikuja kila tulipoelekea Mambrui huku kusi inatusukuma mgongoni. Tulipogeuka kurudi, upepo ukiwa usoni, ikatoweka. Hiyo ikatuonyesha kwamba kosa liko nyuma, si chini ya boneti.

Kosa lilikuwa mdomo wa bomba. Mfumo mpya ulikuwa mfupi, ukaishia chini ya bampa badala ya kutokeza nje yake. Moshi ulikuwa unatapakaa chini ya buti na kupanda. Kipande cha sentimita chache kiliondoa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa raba ya mlango wa buti iliyokakamaa na vijitundu viwili sakafuni mwa buti ambavyo vifuniko vyake vya mpira vilishapotea. Ingia ndani ya buti mchana, mtu akufungie kwa dakika moja, utazame mwanga unapoingilia. Panapopita mwanga panapita moshi. Kisha kagua mpira wa gia na tundu zozote za waya kwenye ukuta wa injini, hasa kama manifoldi imewahi kuvuja.

Zito chini, jepesi juu, na linavuma barabarani

Kuna imani kwamba bomba likiwa pana zaidi gari lina nguvu zaidi. Injini hii ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 95 hivi, na bomba la kiasi cha inchi moja na robo tatu linaitosha. Moshi una mwendo wake, na mwendo huo husaidia kuvuta mabaki kutoka kwenye silinda. Ukilipanua sana bomba, moshi unapoa na kwenda polepole, na gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini, pale pale unapolihitaji unapotoka kwenye tuta mbele ya shule. Kama ulivaa bomba la inchi mbili na nusu kwa ajili ya sauti, huo ndio ugonjwa wako, na hakuna skrubu ya kabureta itakayouponya. Manifoldi nzuri kwa kichwa hiki ni ile ambayo bomba la 1 na la 4 yanaungana kwanza, nalo la katikati linakwenda peke yake mbali zaidi kabla ya kukutana nayo. Inafuata mpango wa milango mitatu badala ya kupigana nao.

Uvumi ni jambo jingine. Ami alilalamika kwamba akifika kilomita 80 au 90 kwa saa, njia ya Mombasa, ndani kunavuma mpaka mazungumzo yanakatika, na akizidisha mwendo kunatulia. Kwenye gia ya nne bila ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini) hapo ni kama mizunguko 3,000 kwa dakika. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mapigo ni 100 kwa sekunde, na bomba refu tupu lisilo na sailensa ya katikati huitikia sauti hiyo kama pembe ya siwa. Tulirudisha sailensa ndogo ya katikati. Uvumi ukapungua kiasi cha watu kusikilizana, na nguvu haikupotea kiasi cha mtu kuhisi. Kuondoa sailensa zote usifikirie; sheria ya barabarani Kenya inataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na mitaa kama Shela ina vichochoro ambavyo ukuta wa kila nyumba unarudisha mngurumo chumbani kwa mgonjwa.

Asubuhi linawaka, saa saba linagoma

Umetoka sokoni, gari limekaa juani dakika kumi, unapiga stata, linazunguka bila kuwaka. Baada ya nusu saa linawaka kama hakuna kilichotokea. Petroli imechemka ndani ya vikombe vya boya vya kabureta.

Kwenye MGB kabureta zinakaa juu ya ekzosi. Manifoldi ya kusubu ni nene. Ile ya mabomba ni nyembamba na inatupa joto zaidi juu. Fundi wa ami alikuwa ameliacha pembeni bati la kukinga joto kwa sababu halikuingia vizuri na manifoldi mpya. Lilikatwa kidogo kona moja, likapindwa, likarudi. Bila bati hilo, kwa jua la Malindi la Februari, hutashinda. Tahadhari moja: mabati ya zamani mengi yana utando wa asbesto. Usiukwangue mkavu wala kuupuliza. Bati la namna hiyo lilowanishe, lifunge kwenye plastiki, utafute jipya.

Kuhusu kuzungushia mabomba kitambaa cha kuzuia joto, mimi sipendi kwa huku kwetu. Kinashika unyevu wa chumvi na kuubana kwenye chuma, na bomba la chuma cha kawaida linaoza ndani ya ganda lake bila wewe kuona. Bora kupakwa kauri ya kuhimili joto kabla ya kufungwa. Miguu ya abiria ikipata joto, ni kawaida kwa gari la usukani wa kulia, maana bomba linapita upande wake. Zulia lenye tabaka la foili chini yake linasaidia.

Kinagonga chini

Injini imekalia raba na inacheza. Bodi haichezi nayo. Ekzosi imeshikwa na zote mbili, kwa hiyo lazima mahali fulani iruhusiwe kusogea. Ikifungwa kwa vyuma vitupu badala ya raba, mtetemo utapasua bomba karibu na manifoldi, na utachomelea pale pale kila baada ya miezi michache ukidhani chuma ni kibovu. Ukiona ufa unajirudia, tazama raba za injini na vishikio vya nyuma kabla ya kumlaumu mchomeleaji.

Mgongano wa kwenye matuta ni wa kimo. Gari hili liko chini, na ekzosi ndicho kitu cha kwanza kukutana na tuta. Klampu zigeuze nati zake ziangalie pembeni au juu, zisiwe ndoano ya kukwamia. Kisha watu wawili wazito wakae vitini, nawe ulale chini na tochi utazame nafasi baina ya bomba na ekseli. Vidole viwili vipite kila mahali.

Kuchomelea kufanyike bomba likiwa nje ya gari. Tangi la petroli la MGB liko chini ya buti, jirani na sailensa ya nyuma. Kama hapana budi kushikiza alama mbili likiwa mahali pake, kata betri kwanza. Ya 1965 ina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na eathi yake, waya unaofungwa kwenye bodi, iko kwenye chanya, kinyume na magari ambayo fundi amezoea. Mwambie kabla hajashika waya.

Pfu… pfu… kwenye mdomo wa bomba

Weka noti au kipande cha karatasi mbele ya mdomo wa ekzosi, injini ikiwa imetulia. Inatakiwa isukumwe nje mfululizo. Ikifyonzwa ndani mara kwa mara kwa mpangilio, vali ya moshi haifungi. Hilo si kosa la ekzosi mpya. Ekzosi mpya imelifichua tu. Petroli yenye risasi iliondoka Kenya mwanzoni mwa 2006, na kichwa cha zamani ambacho hakijawekwa viti vigumu vya vali hukaa kikiliwa kidogo kidogo kwenye mwendo mrefu wa kasi. Kiti kikiliwa, vali inapanda, nafasi yake inakwisha, na mwishowe inaungua. Pima nafasi za vali: inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Ile iliyobana ndiyo ya kuogopa, si ile inayopiga kelele.

Maji mekundu yanadondoka

Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, na yote yanapitia ekzosi. Kwenye safari ndefu yanatoka kama mvuke. Kwa anayekwenda msikitini na kurudi, yanabaki kwenye sailensa ya nyuma na kuila kutoka ndani, huku nje ikiwa bado inang'aa. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, na mara moja kwa wiki endesha mpaka Watamu.

Sasa ndipo ushike kabureta

Viungo havivuji, vali zimepimwa, taimingi ya cheche iko sawa, bati la joto limerudi. Ekzosi inayopumua vizuri zaidi huenda ikaufanya mchanganyiko uwe mwembamba kidogo, kwa hiyo plagi ndizo zitakazosema. Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, zima, zichomoe. Rangi ya biskuti ni njema. Nyeupe ni petroli kidogo mno, nyeusi yenye masizi makavu ni nyingi mno.

Kabureta za gari hili, SU mbili za aina ya HS4, zina uungwana wake. Ongeza mafuta mepesi juu ya bastola (pistoni iliyo ndani ya kabureta), hakikisha kila bastola inashuka kwa uzito wake na kutoa mlio laini wa chuma inapofika chini. Sawazisha uvutaji wa hizo mbili kwa kusikiliza na ule mpira wa nusu mita. Kisha, injini ikiwa moto, inua bastola ya moja kwa milimita moja tu. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi; ikilegea na kutaka kuzima, imepungua; ikipanda kidogo na kurudi, hapo hapo. Nati ya chini ina pande sita. Zungusha upande mmoja, usizidishe, rudi kupima. Kuishusha ni kuongeza petroli, kuipandisha ni kupunguza.

Ami alitaka kuzungusha mwenyewe. Alizungusha pande mbili kwa kabureta ya mbele, upande mmoja kwa ya nyuma, zote kwa kupunguza, maana zilikuwa bado na ile petroli iliyoongezwa siku ya risasi. Akainua bastola, injini ikapanda kidogo, ikarudi. Tukafunga boneti, tukashuka mpaka Sabaki, na darajani akaondoa mguu.